UZI: Wamarekani wa marathoni, kutoka Frank Shorter mpaka kijana aliyemfukuza Simbu kule Boston

MguuWaChuma

Wakuu, salaam.

Aprili 2025 wengi wetu hapa tulikodolea macho marathoni ya Boston kwa sababu moja tu, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu. Akamaliza wa pili kwa 2:05:04, nyuma ya John Korir wa Kenya, na Cybrian Kotut akapewa muda uleule wa Simbu akawa wa tatu. Tukashangilia, tukatumiana picha, tukalala. Kesho yake nikarudia video taratibu nikiwa na chai yangu. Ndipo nikamwona jamaa mmoja aliyeingia sekunde nne tu nyuma ya Simbu. 2:05:08. Anaitwa Conner Mantz, mtu wa Utah. Kwenye magrupu yetu yote ya mbio hakuna aliyemtaja.

Nikaanza kumsoma. Kumsoma Mantz kukanipeleka kwa waliomtangulia, wiki ikaisha sijafua nguo.

Kijiweni tumezoea kusema Mmarekani ni wa mita mia, mbio ndefu atuachie sisi, Wakenya na Wahabeshi. Kuna wakati Boston na New York walikuwa wanashinda wao kwa wao. Halafu ukaja mwaka wakapeleka Olimpiki mkimbiaji mmoja tu wa kiume na mmoja wa kike. Halafu wakarudi. Mimi kinachonivuta ni hapo katikati: vipaji vilikwenda wapi, na nani alivirudisha. Nitashusha mtu mmoja mmoja, kwa vipande, maana naandikia simu.

BintiHanang

Nimeshakaa mkao wa kula. Shusha mkuu.

KijiweniBoy

Mmarekani na marathoni wapi na wapi? Hiyo chai, ilete na chapati kabisa.

MguuWaChuma

Chapati hii hapa, inaitwa Frank Shorter.

Alizaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1947, baba yake akiwa daktari wa jeshi la Marekani. Akasoma chuo kikuu cha Yale, baadaye akachukua shahada ya sheria. Mwaka 1972 Olimpiki ikafanyika Munich, mji aliozaliwa. Ndiyo ile Michezo ambayo wanamichezo wa Israel walivamiwa na kuuawa. Michezo ikasimama, ikaendelea, na siku ya mwisho ya riadha ikaja marathoni. Shorter akachomoka mapema, akakimbia peke yake sehemu kubwa ya safari huku akinywa soda iliyotolewa gesi. Siku hizo hakuna jeli wala nini.

Sasa sikilizeni vituko. Anakaribia uwanja, anasikia umati unalipuka kwa shangwe. Kumbe kuna kijana wa Kijerumani, mwanafunzi, amevaa bukta na fulana kama mkimbiaji, kaingia uwanjani mbele yake na kukimbia sehemu ya mwisho kama bingwa. Watu wakamshangilia. Walipogundua ni tapeli wakaanza kumzomea, na ndipo Shorter anaingia, bingwa wa Olimpiki, anapokewa na miluzi ya kuzomea asijue amekosa nini. Akamaliza kwa 2:12:19, dakika mbili na ushei mbele ya Karel Lismont wa Ubelgiji. Wa tatu alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, bingwa wa 1968.

Miaka minne baadaye, Montreal, Shorter akapata fedha nyuma ya Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, nyaraka za siri za serikali yao zikaibuka na jina la Cierpinski likatajwa kwenye mpango wa dawa za kuongeza nguvu. Medali hazikubadilishwa. Shorter yeye mwaka 2000 akawa mwenyekiti wa kwanza wa wakala wa Marekani wa kupambana na dawa michezoni. Hakurusha matusi, akaenda kukaa mlangoni.

KijiweniBoy

Sawa, chapati ya kwanza nimeila. Ongeza.

MguuWaChuma

Bill Rodgers. Huyu ndiye ningependa kukaa naye kwenye benchi tupige stori.

Alimaliza chuo akaacha kukimbia, akavuta sigara. Wakati wa vita ya Vietnam alikataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamira yake, akapangiwa kazi hospitalini Boston. Alikuwa na pikipiki. Ikaibiwa. Ndipo akaanza kwenda kazini kwa mguu, mbio. Mwizi wa pikipiki kawapa Wamarekani bingwa wa dunia na hajui mpaka leo.

Aprili 1975 akatokea Boston na fulana aliyoiandika jina la klabu yake kwa mkono. Njiani akasimama kunywa maji. Akasimama tena kufunga kamba za kiatu. Nasema alisimama, wakuu, hakupunguza mwendo. Akashinda kwa 2:09:55, rekodi ya Marekani. Baada ya hapo akashinda Boston mara tatu nyingine, 1978, 1979 na 1980, na New York mara nne mfululizo kuanzia 1976 hadi 1979. Mwanzoni alikuwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, maana sheria za riadha ya ridhaa zilikataza mkimbiaji kulipwa. Pesa zilikuwepo, lakini zilipita chini ya meza kwenye bahasha. Shorter alikuwa mmoja wa waliopigania wanariadha walipwe mchana kweupe.

MzeeWaRedio

Hapo kwenye pesa ongeza chumvi kidogo. Boston walikuwa wagumu, hawakutoa zawadi ya fedha mpaka mwaka 1986. Walipoanza kutoa, milango ikafunguka kwa watu wote wa dunia. Mwaka 1988 nilikuwa kijana, tunasikiliza redio, Juma Ikangaa wetu anashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. 2:08:43 kwa 2:08:44. Nililia kama mtoto. Ikangaa akawa wa pili tena 1989, na tena 1990. Ila Novemba ya 1989 alikwenda New York akawachapa wote kwa 2:08:01.

Kwa hiyo ukisema Wamarekani walipotea, sisi ndio tuliowapoteza.

IteniJuu

Mzee wa Redio umenena, lakini sema ukweli wote: Boston kuanzia 1991 mpaka 2000 wanaume ni Mkenya mwaka baada ya mwaka. Hussein mara mbili, Ndeti mara tatu, Tanui, Aguta, Tanui tena, Chebet, Lagat. Nyinyi wa Bongo mlikuwa mnatupigia makofi.

BintiHanang

Utani wa jirani haukosi. Tumerudi lakini, Tokyo 2025 Simbu kaleta dhahabu ya dunia kwetu Singida 😂

MguuWaChuma

Tusichepuke sana. Mzee yuko sahihi kwa nusu. Ngoja nimalizie kizazi kile, halafu nije kwenye shimo lenyewe.

Alberto Salazar alizaliwa Havana, Cuba, mwaka 1958, familia ikahamia Marekani. Huyu hakuwa na breki kichwani. Mwaka 1978 kwenye mbio za Falmouth mwili ulichemka mpaka padri akaitwa kumpaka mafuta ya wagonjwa. Akapona, akaendelea vilevile. Akashinda New York mara tatu mfululizo, 1980, 1981 na 1982. Ile ya 1981, 2:08:13, ilitangazwa rekodi ya dunia, baadaye njia ikapimwa upya ikakutwa pungufu kwa karibu mita 150, rekodi ikafutwa.

Lakini kitu cha Salazar ni Boston ya 1982. Jua kali. Upande mmoja Salazar, nyota wa taifa. Upande wa pili Dick Beardsley, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Minnesota. Wakabaki wawili, na kilomita nyingi za mwisho wanakimbia bega kwa bega, kivuli juu ya kivuli. Karibu na mwisho msuli wa nyuma ya paja la Beardsley ukakaza, akabaki anachechemea. Akakanyaga shimo barabarani, msuli ukaachia! Akarudi kumfukuza. Salazar akamshinda kwa sekunde mbili, 2:08:52 kwa 2:08:54, akabebwa kwenda kutundikiwa dripu.

Hakuna kati yao aliyewahi kukimbia vizuri hivyo tena. Beardsley mwaka 1989 alinaswa na mashine ya trekta shambani, akaumia vibaya, akawa mtumwa wa dawa za maumivu mpaka akakamatwa kwa kughushi vyeti vya daktari. Alijinasua, na leo anasimulia mwenyewe bila kuficha. Salazar miaka mingi alikuwa mgonjwa na mchovu, kisha 1994 akaibuka Afrika Kusini na kushinda Comrades, ile ya karibu kilomita 90. Akawa kocha mkubwa. Mwaka 2019 akafungiwa miaka minne kwa kuvunja kanuni za dawa akiwa kocha, na baadaye akafungiwa maisha riadha ya Marekani kwa kesi ya unyanyasaji, mambo aliyoyakana. Mimi ile mbio ya 1982 bado naitazama, ila siwezi kuitazama kama zamani.

BintiHanang

Wanawake je? Maana naona suruali tu hapa.

MguuWaChuma

Dada, huyo nilimwekea akiba. Joan Benoit, wa Maine.

Kabla ya 1984 mbio ndefu kuliko zote za wanawake kwenye Olimpiki zilikuwa mita 1500. Walidhani mwanamke akikimbia zaidi ya hapo atavunjika. Benoit alikuwa ameshakimbia Boston ya 1983 kwa 2:22:43, muda bora wa dunia. Los Angeles 1984 ikaweka marathoni ya wanawake kwa mara ya kwanza. Na hapo ndipo goti lake likagoma.

Akafanyiwa upasuaji wa goti. Siku 17 baadaye zikaja mbio za mchujo wa taifa. Kumbukeni mchujo wa Marekani hauna kamati wala barua: watatu wa kwanza siku hiyo wanakwenda, wa nne anabaki nyumbani hata kama ndiye mwenye rekodi. Benoit akasimama mstarini siku ya 17, akashinda.

Los Angeles, Agosti. Hata kilomita 5 hazijatimia, anachomoka peke yake. Kundi lina Grete Waitz, Ingrid Kristiansen, Rosa Mota, wakali wote wa dunia. Wakamwacha wakidhani jua litamrudisha. Halikumrudisha. Akaingia uwanjani peke yake na kofia yake nyeupe, 2:24:52, zaidi ya dakika moja mbele ya Waitz. Mwaka uliofuata akakimbia Chicago 2:21:21, rekodi ya Marekani iliyokaa mpaka 2003.

Mwaka 2008, akiwa na miaka 50, alikwenda tena kwenye mchujo wa Olimpiki. Hakwenda kushinda. Akakimbia 2:49:08. Mimi nina miaka 34 na nusu marathoni ya Kilimanjaro ilinilaza siku mbili, tuishie hapo.

BintiHanang

Siku 17! Mimi nilitolewa jino nikaomba ruhusa ya wiki.

MguuWaChuma

Sasa shimo.

Greg Meyer alishinda Boston 1983. Lisa Larsen Weidenbach akashinda upande wa wanawake 1985. Baada yao, Mmarekani hakushinda Boston mpaka 2014 kwa wanaume na 2018 kwa wanawake. Hesabuni wenyewe.

Mzee wa Redio anasema tuliwapoteza sisi. Lakini tazameni muda waliokimbia wao wenyewe: ulirudi nyuma. Kizazi cha Rodgers na Shorter kilifanya mazoezi kwa makundi, Boston, Florida, Colorado, vijana kumi wanakamuana kila asubuhi. Miaka ya 90 kila mmoja alijifungia kwake. Mpaka Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, Marekani ikapeleka mwanamume mmoja, Rod DeHaven, na mwanamke mmoja, Christine Clark. Clark alikuwa daktari huko Anchorage, Alaska, mama wa watoto, na kwa sababu ya barafu alifanya mazoezi mengi ndani ya nyumba juu ya mashine ya kukimbilia. Alishinda mchujo kwenye joto la South Carolina, akawashangaza wote. Kwangu mimi huyo mama ni shujaa, akamaliza Sydney wa 19 kwa muda bora wa maisha yake. Ila nchi ya watu karibu milioni mia tatu kuwakilishwa na mmoja mmoja, hiyo ni aibu, na wenyewe waliiona.

Mwaka 2001 makocha wawili, Bob Larsen na Joe Vigil, wakawakusanya wakimbiaji Mammoth Lakes, California, milimani, karibu mita 2,400 juu ya bahari. Michigan kukawa na kambi ya ndugu Hanson. Oregon nako. Wakarudi kuishi na kukimbia pamoja.

IteniJuu

Mita 2,400 ndiyo Iten yetu ya Kenya kabisa. Kumbe walikuja kuiba ramani 😄 Huku kwetu hakuna siri, saa kumi na mbili asubuhi unatoka, kundi liko barabarani, unajiunga. Ukichelewa unakimbia peke yako na mbwa.

MguuWaChuma

Umemaliza hoja yangu kwa sentensi tatu.

Matunda: Athens 2004. Deena Kastor wa kundi la Mammoth akachukua shaba, 2:27:20, kwa kuanza taratibu kwenye joto na kuwaokota mmoja mmoja walioanza kwa fujo. Wiki moja baadaye Meb Keflezighi, kundi hilohilo, akachukua fedha kwa wanaume. Miaka minne kabla yake walikuwa na mtu mmoja mmoja. Kastor akaenda London 2006 akakimbia 2:19:36, mwanamke wa kwanza wa Marekani chini ya 2:20.

KijiweniBoy

Hapo ndipo nilikuwa nakusubiri. Meb ni Mhabeshi. Hao ni wa kununua, msituletee.

MguuWaChuma

Kwanza Meb ni Mueritrea, ukimwita Mhabeshi wa Ethiopia mbele yake atakusahihisha kwa upole, lakini atakusahihisha. Alizaliwa Asmara 1975, wakati wa vita. Baba yake alitembea kwa miguu mpaka Sudan kukimbia kukamatwa, akafika Italia, akaivuta familia. Mwaka 1987 wakatua San Diego. Meb ana miaka 12, hajui Kiingereza. Darasa la saba mwalimu wa michezo anasema atakayekimbia maili kwa nguvu atapata alama nzuri. Dogo akakimbia maili kwa 5:20. Kukimbia akakujulia Marekani, akasoma chuo kikuu cha UCLA, akapata uraia 1998. Wa kununua unamnunua akiwa anajua kazi, huyu kafundwa palepale.

Novemba 2007, mchujo wa Olimpiki ukafanyika New York. Meb akaumia nyonga, mfupa umepasuka. Siku hiyohiyo rafiki yake wa mazoezi, Ryan Shay, akaanguka kwenye mbio hizo na kufariki. Aliyeshinda siku hiyo, Ryan Hall, alikuwa rafiki wa marehemu pia. Meb hakwenda Beijing. Wakaanza kumzika kimichezo, kwamba kwisha habari. Akarudi 2009 akashinda New York kwa 2:09:15, Mmarekani wa kwanza tangu Salazar wa 1982. Akapata nafasi ya nne Olimpiki ya London 2012.

Ila bado hatujafika.

BaridiKali

Naomba hii niisimulie mimi, nipo Massachusetts mwaka wa 16 sasa.

Mwaka 2013 mabomu yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia Boston. Watu watatu wakafa, wengi wakapoteza miguu, na siku chache baadaye askari wa chuo cha MIT akapigwa risasi na walewale. Mji mzima ulifungwa, nilikuwa ndani na watoto, pazia limeshushwa. Aprili 2014 tukarudi barabarani, umati sijawahi kuona. Meb ameandika majina ya marehemu wanne kwa kalamu kwenye pembe za namba yake ya kifuani. Bado wiki mbili atimize 39. Akachomoka, wenzake wakamwacha wakidhani mzee atachoka. Kuja kushtuka, kashaenda. Wilson Chebet wa Kenya akaanza kumfukuza na pengo likawa linaliwa, sisi kwa redio tunasikia sekunde zinapungua. Meb anageuka kutazama nyuma kila mara. Akashinda kwa sekunde 11, 2:08:37.

Nilikuwa nimesimama na Wakenya wawili ninaofanya nao kazi. Walimshangilia Meb. Nchi yao iko ya pili na wanamshangilia Meb. Sikuwauliza.

MzeeWaRedio

Hiyo huulizi.

KijiweniBoy

Sawa, Meb namtoa kwenye orodha ya kununua. Na Khannouchi?

MguuWaChuma

Khalid Khannouchi alikuja mtu mzima, nakubali. Mmoroko, alikwenda Marekani 1993 kwa michezo ya vyuo vikuu ya dunia, akabaki, akaosha vyombo kwenye mgahawa Brooklyn. Akaweka rekodi ya dunia Chicago 1999, 2:05:42, akiwa bado Mmoroko. Mei 2000 akapata uraia. London 2002 akawekwa kwenye mbio moja na Paul Tergat na Haile Gebrselassie, wote wakiwa wazima, wote wakiwa na njaa. Akawashinda kwa 2:05:38, akivunja rekodi yake mwenyewe. Unamwita wa kununua, lakini kwenye sinki la Brooklyn hakuna aliyemnunua.

Rekodi hiyo ya Marekani ilikaa miaka 23. Ryan Hall alikimbia Boston 2011 kwa 2:04:58 na akawa wa nne, siku ambayo Geoffrey Mutai aliruka 2:03:02, ila njia ya Boston haihesabiwi kwa rekodi kwa sababu ya mteremko na kwenda upande mmoja. Hall aliacha mbio akiwa na miaka 33, mwili umeisha mafuta. Siku hizi ananyanyua vyuma, ana kifua cha baunsa, ukimwona hutamjua.

IteniJuu

Na hawa wetu waliokwenda je? Leonard Korir aliingia jeshi la Marekani, kuna kitengo chao cha wanamichezo, wengi wa Rift Valley wamepitia huko na wakapata uraia. Mchujo wa Atlanta 2020 akakosa nafasi ya tatu kwa sekunde tatu. Aliyemtoa ni Abdi Abdirahman, mzaliwa wa Somalia, mzee wa miaka 43, akawa Olimpiki yake ya tano. Sekunde tatu baada ya kilomita 42! Mchujo wa Orlando 2024 Korir akawa wa tatu, akasubiri miezi kadhaa kujua kama nafasi ya tatu ipo, mwishowe akaenda Paris.

Huku kwetu chama ndicho kinateua. Mnalalamika, na sisi tunalalamika, lakini ule mfumo wao wa siku moja mimi sijui kama moyo wangu ungeweza.

BintiHanang

Aliphine Tuliamuk pia ni wa kwenu, West Pokot. Alishinda huohuo mchujo wa Atlanta, 2:27:23. Olimpiki ikaahirishwa kwa korona, akaamua asisubiri, akazaa mtoto Januari 2021, na Agosti akasimama mstarini Sapporo, Japani, ilikokimbiwa marathoni ya Olimpiki hiyo. Hakumaliza, nyonga. Na ana kazi ya kufuma kofia za sufu anaziuza! Mimi huyu nampenda kuliko wote mliowataja.

Wa pili Atlanta alikuwa Molly Seidel, na ile ilikuwa marathoni yake ya kwanza maishani. Alikuwa anauza kahawa na kulea watoto wa watu Boston ili alipe kodi. Sapporo, marathoni yake ya tatu tu, akachukua shaba nyuma ya Peres Jepchirchir na Brigid Kosgei.

MguuWaChuma

Dada umenipora kipande changu, sina kinyongo. Niongeze Keira D'Amato, dalali wa nyumba Virginia, mama wa watoto wawili, aliyeacha mbio miaka kibao kisha akavunja rekodi ya Kastor kule Houston Januari 2022 kwa 2:19:12. Ilikuwa imekaa karibu miaka 16. Yeye akakaa nayo miezi tisa tu, Emily Sisson akaichukua Chicago kwa 2:18:29. Ndivyo mambo yanavyokwenda watu wakikimbia karibu karibu.

BaridiKali, Boston ya 2018 ulikuwepo?

BaridiKali

Nilikuwepo, kando ya njia pale Newton, chini ya mwavuli uliogeuka ndani nje. Mvua ya ubavuni, upepo wa uso, baridi ya kuganda vidole. Des Linden mwanzoni alijisikia vibaya akaona hatamaliza. Shalane Flanagan, yule aliyeshinda New York miezi mitano kabla, akaomba kuingia chooni. Linden akapunguza mwendo akamsubiri, akamsaidia kurudi kwenye kundi. Alisema kama yeye hamalizi basi amsaidie mwenzake. Kumbe wengine wanaisha kwa baridi na yeye haishi. Akashinda kwa 2:39:54. Mwaka 2011 alikuwa wa pili hapohapo kwa sekunde mbili.

Wa pili 2018 alikuwa Sarah Sellers, nesi, hakuna aliyemjua. Watangazaji walikuwa wanapekua karatasi.

KijiweniBoy

Huu uzi umenitoa kijiweni. Sasa turudi kwa yule wa sekunde nne. Mantz.

MguuWaChuma

Mantz alisoma chuo kikuu cha BYU, Utah, chini ya kocha Ed Eyestone, ambaye mwenyewe alikimbia marathoni ya Olimpiki 1988 na 1992. Kabla ya chuo kushika kasi alitumikia misheni ya kanisa lake Ghana. Mwenzake wa mazoezi ni Clayton Young, kocha mmoja, barabara moja. Mchujo wa Orlando wakaingia Mantz wa kwanza 2:09:05, Young wa pili 2:09:06. Paris, kwenye ile njia ya milima, Mantz wa 8 na Young wa 9. Mnawaona? Hata kwenye matokeo wanatembea pamoja. Mwanzoni mwa 2025 Mantz akavunja rekodi ya nusu marathoni ya Hall, akakimbia 59:17 Houston. Kisha ile Boston.

Oktoba 12, 2025 akaenda Chicago kuisaka rekodi ya Khannouchi. Akaipata, 2:04:43.

BintiHanang

Chini ya 2:05! Basi alishinda.

MguuWaChuma

Alishinda Jacob Kiplimo wa Uganda, 2:02:23. Akafuata Amos Kipruto wa Kenya. Akafuata Alex Masai wa Kenya.

KijiweniBoy

Usiniambie wa nne tena.

MguuWaChuma

Wa nne tena.